Kwa Mashua Kutoka Tanga Hadi Maziwe: Mwongozo wa Safari ya Siku Nne kwa Kikundi cha Marafiki

Mwongozo huu ni wa watu sita hadi wanane wanaofahamiana, wanaotaka kukodi mashua pamoja na nahodha na mabaharia wake, watoke Tanga mjini, walale Kigombe, Pangani na Ushongo, wafike Kisiwa cha Maziwe, kisha warejee Tanga siku ya nne. Haukusudii kumfundisha mtu unahodha, kwa kuwa kazi hiyo hufundishwa kwa miaka mingi juu ya maji yenyewe. Unamlenga abiria anayetaka kuelewa kwa nini nahodha huamua anavyoamua, ili ratiba ya safari aipange kwa kufuata kujaa na kupwa kwa maji, na si kwa kufuata siku za likizo alizopewa kazini. Karibu kila safari ya marafiki niliyoiona ikiharibika katika mwambao huu iliharibikia kwenye saa: watu walikuwa wameshaamua nchi kavu ni lini watafika na ni lini watarudi.

Hatua ya 1: Kuchagua msimu na siku

Pwani ya Tanga inatawaliwa na pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kuanzia mwezi Desemba hadi Machi, na kusi huanza Aprili, hupata nguvu Juni na Julai, kisha hulegea kuelekea Oktoba. Pamoja na pepo hizo kuna mkondo wa bahari unaokwenda kaskazini mwaka mzima, ambao huenda kasi zaidi wakati wa kusi na hupungua sana wakati wa kaskazi. Kwa kuwa Pangani na Maziwe ziko kusini mwa Tanga, maana yake ni kwamba mkondo utakupinga wakati wa kwenda na kukusukuma wakati wa kurudi, upende usipende.

Mimi huchagua Septemba au siku za mwanzo za Oktoba, kusi ikiwa imelegea na mvua za vuli hazijashika. Mnapokwenda, mnasafiri alfajiri kwa umande, yaani upepo mwepesi utokao nchi kavu, na mnapumzika kusi inapoamka. Mnaporudi, upepo na mkondo vyote viko mgongoni. Wapo wanaopendelea mwisho wa Februari, na hoja yao ni kwamba bahari huwa tulivu na maji hung'aa zaidi, jambo ambalo ni kweli. Hata hivyo, wakati huo mtashuka kusini kwa raha na kurudi kwa kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo kwa kupinda huku na huku, na marafiki waliochoka siku ya nne hawana hamu ya kubisha. Aprili na Mei ziache kabisa, kwa sababu ya masika na kusi changa isiyotabirika.

Baada ya msimu, chagua siku kwa kutazama mwezi wa angani. Katika mwambao wetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa takriban siku moja, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa mno na kupwa mno, na tofauti kati ya hali hizo mbili hupita mita 3. Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba bamvua ya kwetu ina saa zake: maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Wakati wa maji mafu, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kidogo tu, mambo hugeuka, maji yakajaa karibu saa 4 na kupwa karibu saa 10. Mwenye kufuata kalenda ya Kiislamu anaweza kukadiria bila jedwali kwamba bamvua iko karibu na tarehe 2 na tarehe 16, na maji mafu karibu na tarehe 9 na 23, ingawa jedwali la kujaa na kupwa kwa bandari ya Tanga ndilo la kutegemea.

Kwa safari hii, ipange siku ya Maziwe iwe siku ya mwezi mpevu au moja au mbili baada yake. Maziwe ni fungu la mchanga lenye kuzungukwa na miamba, takriban kilomita 8 kutoka pwani, na linapofunikwa na maji ya bamvua hakuna kisiwa cha kushukia. Maji yakipwa saa 4 asubuhi, mnafika wakati mchanga uko wazi, na usiku mnapata mwanga wa mwezi.

Hatua ya 2: Kupata chombo na kuelewana na nahodha

Ngalawa ni chombo kizuri, lakini ni cha watu watatu au wanne wasio na mizigo. Jahazi ni kubwa mno na haliingii mahali ambapo maji ni machache. Kwa watu wanane chukueni mashua yenye urefu wa mita 9 hivi au zaidi, yenye injini ndogo ya akiba. Muulize mwenyewe cheti cha usajili na cha ukaguzi, kwa kuwa chombo cha kubeba abiria kinapaswa kukaguliwa chini ya TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, na mashua iliyosajiliwa kwa uvuvi si lazima iwe na ruhusa ya kubeba watu.

Baada ya karatasi, ingia mwenyewe ndani ya chombo kikiwa majini, si kikiwa kimelala mchangani. Inua mbao za sakafu utazame ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya chombo ambapo maji hukusanyika. Maji kidogo ni ya kawaida katika chombo cha mbao, ila yakifutwa kisha yakarudi kwa kiwango kilekile ndani ya nusu saa, kalafati, yaani pamba iliyozibia nafasi kati ya mbao, imechoka na chombo hicho hakiendi Pangani. Tazama mahali foromali, yaani boriti linaloshika tanga, inapofungwa kwenye mlingoti, uone kama kamba ya henza inayoipandisha imechakaa pale inapopita kwenye kapi, maana hapo ndipo hukatikia. Hesabu majaketi okozi, kisha mvae kila mmoja wenu lake palepale. Jaketi lisilofungika kifuani ni mzigo tu. Kuwe na makasia, pondo la kusukumia chombo, ndoo mbili za kuchotea maji na nanga mbili.

Kuhusu malipo, nina rai moja ambayo marafiki zangu waliipinga mwanzoni. Kubalianeni kwamba siku ambayo nahodha atasema hatutoki kwa sababu ya hali ya bahari, atalipwa angalau nusu ya ujira wa siku. Nahodha asiyelipwa asipotweka tanga atatweka hata siku asiyoipenda, kwa sababu nyumbani kwake pia wanakula. Fedha mnayompa ili akatae ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote mtakazotumia katika safari hii.

Mwamkieni kwa heshima, mwiteni Nahodha, na chagueni mtu mmoja miongoni mwenu wa kuzungumza naye. Chombo chenye abiria wanane wanaotoa ushauri kwa pamoja hakiendeki.

Hatua ya 3: Mizigo, maji na chakula

Maji ya kunywa ni lita 4 kwa mtu kwa siku, na mabaharia wahesabiwe pia. Yatieni katika madumu kadhaa madogo badala ya dumu moja kubwa, ili moja likipasuka mengine yabaki. Chakula cha siku ya kwanza kipikwe nyumbani: mkate wa kumimina, maandazi, mihogo ya kuchemsha na machungwa ya Muheza. Mabaharia hupika kwa jiko la mkaa lililowekwa katika sanduku la mchanga, na watafurahi mkiwaachia kazi hiyo, kwa sababu abiria anayepapasa jiko wakati chombo kinayumba ni hatari kwa tanga na kwa watu.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo (nyuma na mbele ya chombo) marejeo ni ngamani, na mizigo nayo ni vivyo hivyo: popote utakapoiweka, itaishia ngamani penye maji. Kila kitu kifungwe ndani ya mfuko wa plastiki mzito kabla ya kutiwa katika begi. Bebeni kanga au shuka za kujikingia jua, kofia zenye kamba, viatu vya plastiki vya kukanyagia miamba, tochi, pawabenki na kitambulisho cha taifa, kwa kuwa kiingilio cha hifadhi kwa raia ni tofauti na cha mgeni. Anayejua kwamba bahari humpa kichefuchefu atafune tangawizi, akae karibu na tezi, atazame nchi kavu, na asiguse simu.

Orodha ya majina yote, jina la chombo na namba ya simu ya nahodha iachwe kwa mtu mmoja Tanga na kwa uongozi wa diko, yaani bandari ndogo ya wavuvi, mnapoondokea, pamoja na siku mnayotarajiwa kurudi. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu upepo na mawimbi isomwe jioni ya kuamkia safari, na isomwe tena kila jioni njiani. Mkiwa na redio ya VHF, ya dharura ni chaneli 16, lakini mashua nyingi hazina, kwa hiyo simu mbili za mitandao tofauti zibaki zimezimwa na zimejaa chaji.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza, Tanga hadi Kigombe

Ondokeni diko la Deep Sea saa 11 alfajiri. Mtapita Kisiwa cha Toten kilicho ndani ya ghuba, mtazunguka Ras Kazone, kisha mtaelekea kusini mkiwa na visiwa vya Yambe na Karange mbele yenu. Hapa mtajifunza pande mbili za chombo kinachokwenda kwa tanga: goshini ni upande upepo unakotoka, na demani ni upande tanga linakolalia. Uzito wa watu hukaa goshini. Nahodha akisema "goshini", hamjadili, mnahama kwa kuinama, mmoja mmoja.

Jambo la kuangalia kwa makini kuliko yote ni kugeuza tanga. Tanga la mashua yetu ni la pembe tatu na limefungwa kwenye foromali ndefu, na ili lihamie upande wa pili chombo huupa upepo mgongo. Baharia huilegeza kamba ya demani, mwenzake hushika mguu wa foromali na kuuvuta hadi foromali isimame karibu wima sambamba na mlingoti, kisha huupitisha mbele ya mlingoti kwenda upande wa pili huku kitambaa kikipigapiga hewani kwa kishindo. Yote hayo huchukua muda mfupi, na katika muda huo kamba ya demani hufagia chombo kizima. Aliyeketi juu ya mzingo wa kamba hiyo, au aliyesimama apige picha, ndiye anayeangukia majini. Mwombeni nahodha afanye zoezi hilo mara moja ndani ya ghuba, penye utulivu, kabla hamjatoka nje ya Ras Kazone.

Eneo hili lote hadi mlango wa mto Pangani liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009 baada ya nyavu za wavuvi wa huku, hasa wa Kigombe, kumnasa samaki huyo wa kale mara nyingi. Basi msing'oe matumbawe wala kuokota makombe hai, na nanga isitupwe juu ya mwamba.

Kigombe mtafika mchana, na hapo kosa la kawaida ni kutia nanga karibu na ufuo kwa sababu maji yanajaa na kila kitu kinaonekana kirefu. Hesabuni hivi: tuseme tofauti ya kujaa na kupwa ni mita 3.6, igaweni mafungu 12, kila fungu ni sentimita 30. Katika saa ya kwanza ya kupwa maji hushuka fungu moja, saa ya pili mawili, saa ya tatu matatu, saa ya nne matatu, saa ya tano mawili, saa ya sita moja. Kwa hiyo katika saa mbili za katikati pekee mita 1.8 hutoweka, na chombo kilichokuwa kinaelea kinalala ubavu. Tieni nanga mbali, mahali ambapo hata maji yakipwa kabisa mita 2 zitabaki. Urefu wa kamba uwe mara tano ya kina cha maji yakiwa yamejaa. Hapo ni mita 5.6, yaani kamba ya mita 28.

Hatua ya 5: Siku ya pili, Kigombe hadi Pangani

Umbali ni mfupi, kiasi cha maili 9 za bahari, na ufupi huo ndio unaodanganya. Mkiondoka alfajiri kwa umande mtafika mbele ya mlango wa mto saa 3 asubuhi, wakati maji yanakaribia kupwa kabisa. Mto Pangani unamwaga mchanga mdomoni mwake, na maji ya mto yanayotoka yakikutana na mawimbi ya kusi yanayoingia, mawimbi husimama na kuvunjika juu ya fungu hilo la mchanga. Kuingia ni wakati wa maji kujaa, ambapo mkondo unaelekea ndani na kina kimeongezeka. Katika bamvua ni kuanzia saa 7 mchana hadi saa 10.

Safari yangu ya kwanza tulifika saa 3 kasorobo, na rafiki yetu mmoja alikuwa ameagiza pilau kwa jamaa zake mjini Pangani, iliwe saa 5. Nahodha alitazama mdomo wa mto akasema, "Maji hayajakubali." Tukambembeleza, tukamwambia tunaiona njia, na mwishowe, kwa ustahimilivu wa mtu aliyechoka na kelele, akaingia. Tulisikia mkuku, yaani mti wa chini kabisa wa chombo, ukiparaza mchanga mara moja, kwa sauti kama ya sufuria inayosuguliwa, kisha chombo kikasimama. Tulikaa hapo tumelala upande, tumeshikilia ukingo, madumu yakiwa yamebingirikia demani, hadi saa 8 mchana maji yalipotuinua. Pilau tuliila jioni, imepoa, na hakuna aliyelalamika.

Tulijiliwaza kwamba hatukuwa wa kwanza. Mwezi Aprili mwaka 1498, meli São Rafael ya msafara wa Vasco da Gama ilipanda fungu katika mwambao huuhuu wa Mtangata, kati ya Tanga na Pangani, usiku karibu na alfajiri, ikabaki kavu maji yalipopwa na kuinuliwa maji yalipojaa. Mwaka uliofuata, wakirudi kutoka India na mabaharia wakiwa wamepungua mno, meli hiyo waliichoma moto karibu na hapo hapo.

Fanyeni kama tunavyofanya sasa. Tieni nanga nje, kaskazini mwa mdomo wa mto, mle chakula cha mchana, mlale kidogo chini ya kivuli cha tanga, na muingie maji yanapojaa. Anayetaka kuujua mji wa Pangani na majumba yake ya zamani anao muda wa jioni nzima.

Hatua ya 6: Siku ya tatu, Maziwe na Ushongo

Lipieni kiingilio cha hifadhi kabla ya kuondoka, kwa namba ya kumbukumbu ya malipo mtakayopewa, kwa sababu hakuna wa kumlipa kwenye mchanga mtupu. Tokeni mtoni saa 12 asubuhi. Maji yatakuwa yamepwa kwa saa mbili tu, robo tatu ya kina bado ipo, mkondo unawatoa nje, na kusi bado haijaamka. Mkichelewa saa moja na nusu, faida hizo zinapungua zote kwa pamoja.

Mnapokaribia Maziwe mtakuwa mnaelekea jua la asubuhi, na jua la machoni huficha miamba. Baharia mmoja asimame omo, na nahodha apunguze mwendo au azunguke ili aingie jua likiwa ubavuni. Rangi ya maji ndiyo ramani: buluu nzito ni kina, kijani kibichi kina mchanga chini yake, na hudhurungi ni mwamba au nyasi. Kwenye hudhurungi hakuna kubahatisha.

Maziwe kilikuwa kisiwa chenye mivinje hadi miaka ya 1970, na ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, lakini mmomonyoko ulikula miti yote, na leo ni mchanga unaozama na kuibuka. Kasa bado hupanda kutaga, na kwa kuwa maji ya bamvua yangeyafunika mayai, wahifadhi huyahamishia ufuo wa Ushongo. Hakuna kivuli hata cha kipande cha mti, kwa hiyo simikeni shuka juu ya makasia mara tu mnaposhuka. Ogeleeni wawili wawili, upande usio na upepo, na mmoja abaki nchi kavu akihesabu vichwa.

Nahodha ataanza kuwaita saa 6 mchana mchanga ukiwa bado mpana, nanyi mtaona ana haraka. Hana haraka. Saa ya tatu na ya nne ya kujaa ziko mbele yake, na mchanga uliochukua saa sita kuibuka utaliwa kwa upana wake mwingi ndani ya saa hizo mbili. Kwenda Ushongo upepo utawapiga ubavuni, mwendo ambao mashua huupenda kuliko wote, na kwa wengi hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote.

Hatua ya 7: Siku ya nne, kurejea Tanga

Ni kiasi cha maili 30 za bahari, na kwa kusi na mkondo mashua nzuri huzimaliza kwa saa sita au saba. Ondokeni alfajiri kabla maji hayajapwa ufuoni. Upepo wa mgongoni unaonekana mtulivu kwa kuwa mnakwenda nao, kwa hiyo mara kwa mara geukeni mtazame nyuma. Mawimbi yakianza kuwa meupe kila mahali, nahodha ashushe foromali nusu au atue tanga kabisa na kutweka dogo, na msimwone mwoga. Tanga likipinduka lenyewe katika upepo wa namna hiyo linaweza kuvunja mlingoti.

Mkishaingia nyuma ya Ras Kazone upepo hukatika ghafla, na chombo kilichokuwa kinakimbia kinabaki kinaelea. Shikeni makasia au washeni injini hadi Deep Sea. Kabla hamjashusha hata begi moja, mpigieni yule mliyemwachia orodha ya majina mumwambie mmefika, na mtu wa pili aende kuwaarifu viongozi wa diko, ili asiwepo wa kutoka na mashua usiku kuwatafuta watu waliokwishalala.